Mjadala: Je, Vijana wa Kenya Wamekuwa Tayari kwa Kazi ya Programu Huria?

Tangu Juni 2008, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoizindua Ruwaza ya 2030, na ndani yake ikaihesabu kazi ya kuyatumikia makampuni ya ng'ambo kwa simu na kompyuta kuwa miongoni mwa sekta 6 za kuuinua uchumi, pamoja na utalii, kilimo, viwanda, biashara na fedha, vijana wa Kenya wamelelewa juu ya ahadi kwamba wataipata riziki ya Ulaya na Marekani pasi na kuuhama mji wa wazazi wao. Mwaka uliofuata ahadi hiyo ilipata nguvu, kwa kuwa mikongo ya mawasiliano iliwasili Mombasa kupitia baharini, TEAMS ikitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu na SEACOM ikianza kazi mwezi Julai, kisha EASSy ikaja mwaka 2010. Na intaneti, ambayo awali ilitegemea setilaiti kwa gharama isiyobebeka, ikawa kitu ambacho hata mwanafunzi wa hali ya chini aweza kukinunua kwa siku. Madhali muda wa kutosha umekwisha kupita, ni haki kuuliza kama watu nao wamekuwa tayari jinsi nyaya zilivyokuwa tayari.

Swali hili nalifunga kwenye kazi ya namna moja, maana kazi za kompyuta ni nyingi, na kuzichanganya ndiko kunakoipotosha mijadala yetu. Nazungumzia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi yenyewe aliyoyaandika fundi, umeachwa wazi ili kila apendaye ausome, aurekebishe na kuugawa kwa masharti ya leseni. Richard Stallman aliitangaza dhamira hiyo huko Marekani mwaka 1983 kwa mradi wa GNU. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akaongeza Linux mwaka 1991. Na leo sehemu kubwa ya seva za dunia huendeshwa kwa kazi yao. Makampuni na serikali zinazozitumia programu hizi hulipa watu wa kuzisimika, kuzitengeneza, kuzilinda na kuziongeza, na watu hao waweza kuwa Bangalore, Manila au Mombasa.

Nimewakutanisha hapa watu wanne: Mfanyabiashara mwenye kampuni inayochukua kandarasi za nje, Mwalimu wa chuo kikuu, Fundi, ambaye ni binti aandikaye programu, na Mzee aliyestaafu kazi ya bandari. Majina sikuwapa, kwa sababu rai zao ni za wengi. Nimezisikia mara kwa mara kutoka vinywa tofauti, nami nimezikusanya ili zijibizane. Ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi nina upande, wala sitauficha.

MFANYABIASHARA: Kwa idhini ya Mzee nianze mimi, maana mimi ndiye ninayepokea ghadhabu ya mteja kazi inapoharibika. Nasema hatujawa tayari, na nalisema kwa huzuni. Hunijia kijana aliyehitimu kwa daraja la juu, ambaye ukimpa karatasi tupu atakuandikia programu ndogo ya kupendeza. Lakini mteja wangu wa Hamburg hatoi karatasi tupu, hutoa msimbo wa maelfu ya mafaili, ulioandikwa na watu wengi kwa muda wa miaka mingi, na ombi lake ni kwamba kosa moja litengenezwe bila kuyavuruga mengine. Hapo kijana hushikwa na fadhaa. Ama atataka kuyabomoa yote ayaandike upya, ama atakwama na, kwa haya, atanyamaza hadi siku ya miadi, ilhali mimi nimekwisha mhakikishia mteja kwamba mambo ni salama. Kunyamaza huko kumenipotezea mikataba kuliko upungufu wowote wa elimu ya kompyuta. Mteja humsamehe aliyemwambia mapema kwamba kazi ni ngumu, aliyemficha hamsamehi.

MWALIMU: Bwana, lawama hiyo ni yetu sisi walimu kabla ya kuwa ya vijana. Twawafundisha kuandika, hatuwafundishi kusoma. Mwanafunzi hukaa miaka minne akiandika programu zake mwenyewe, ndogondogo, zisizotumiwa na mtu, na nyingine huziandika kwa kalamu katika chumba cha mtihani. Aghalabu hapewi hata mara moja programu kubwa ya wengine aichunguze, aifahamu na kuikosoa. Git, chombo alichokibuni Torvalds huyo huyo mwaka 2005 cha kuhifadhi historia ya kila badiliko, nacho ndicho kinachotumiwa na mafundi kila saa ya kazi, wengi hukijua kwa kuonyeshwa na rafiki. Na kuubadilisha mtaala wa chuo kikuu si jambo la muhula mmoja, kwani hupita idarani, kitivoni, katika seneti, kisha kwa wakaguzi wa nje. Walakini silikubali neno lako la kwamba hatujawa tayari, kana kwamba utayari hutangulia kazi. Kampuni ya Infosys ya India iliasisiwa mwaka 1981, na Wahindi walizifanya kazi za taabu kwa ujira mdogo miaka na miaka, wakirekebisha programu kuukuu za wenzao wakati wa hofu ya kompyuta kukosea tarehe mwaka 2000 ukiingia, kabla dunia haijawaita mahodari. Waliandaliwa na kazi yenyewe. Nasi tuna mtaji wetu: Kiingereza ndiyo lugha ya shule, na saa zetu zimeitangulia Greenwich kwa 3 tu, hata mchana wetu na mchana wa Ulaya ni karibu mmoja.

MZEE: Niwieni radhi. Mimi bandarini nilijua shehena, mwenye shehena, na ushuru wake. Hii bidhaa mnayoitaja haina bei, kila mtu aichukua. Basi ujira watoka wapi? Nachelea watoto wetu wasije wakaitwa kuwafanyia matajiri kazi ya hisani.

FUNDI: Mzee wangu, umegusa shina la mambo. Kilicho bure ni nakala. Utunzaji una gharama. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilijenga tijara yake yote juu ya Linux, ambayo yeyote aweza kuipata pasi na malipo, ikauza huduma na dhamana, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Lakini hofu yako ya hisani nayo ina burhani. Mwaka 2014 lilifichuka kosa lililopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikizilinda siri za tovuti zisizo na idadi, za mabenki na za maduka, na watu wakastaajabu kujua kwamba ilitunzwa na wachache mno, ambao michango waliyopata kwa mwaka ilikuwa kiasi cha dola 2,000. Matajiri waliitumia kwa miaka mingi bila kuuliza anayeitunza anaishi kwa nini.

MZEE: Basi na uwepo mkataba kwanza, ndipo kazi ifuate.

FUNDI: Na uwepo. Lakini naomba nieleze jinsi mtu anavyoandalika, kwa kuwa bwana amesema kwamba sisi hunyamaza, na ni kweli tulikuwa hivyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa juu ya mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja. Karani alinionyesha kwamba mashine hukubali tarehe ya kurudi iliyo nyuma ya tarehe mgonjwa aliyokuja. Mama wa mtoto mchanga alikuwa ameandikiwa kurudi katika mwezi uliokwisha pita, na jina lake likaingia katika orodha ya walioacha matibabu. Nikaufungua msimbo, nikapaona mahali penyewe, nikaandika mistari michache nikaipeleka kwa watunzaji wa mradi. Jibu lilikuja kutoka kwa mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, mbele ya macho ya kila mtu: kwamba rekebisho langu halina jaribio la kulithibitisha, kwamba jina nililokipa kigezo changu halieleweki, na kwamba nimewasahau wagonjwa ambao taarifa zao za zamani huingizwa baadaye kutoka kwenye madaftari. Usiku ule sikulala kwa fedheha. Kulipokucha nikasoma tena, nikaona hapana tusi hata moja, kila neno lilikuwa la kazi. Nikarekebisha, nikarudishiwa tena, hatimaye likapokelewa. Na jina langu limo katika historia ya programu ile, nalo rekebisho limekwenda katika zahanati ambazo sitaziona. Tangu nianze kusoma hadi leo, hapana aliyenisomea kazi yangu kwa uangalifu kama mgeni yule.

MWALIMU: Na hapo ndipo penye mushkili mkubwa kuliko mtaala. Vijana wetu tumewalea wasimkosoe mkubwa, na kukosolewa mbele za watu twakuhesabu kuwa ni kuvunjiwa heshima. Programu huria haiendi bila ya hayo mawili.

MZEE: Hapo watusingizia, Mwalimu. Nenda Lamu, katika darsa za Msikiti wa Riyadha, umwone mwanafunzi anavyosoma kitabu mbele ya sheikh, wenziwe wamemzunguka, na akikosea irabu moja husimamishwa papo hapo, wote wakisikia, akairudia mpaka itengenee, wala hapana aliyepata kusema kwamba ametwezwa. Heshima ya ilimu ndiyo inayokuhalalisha kukosolewa. Watoto wetu waijua desturi hiyo tangu chuo cha Kurani, kabla hawajaiona shule. Waambieni kwamba kazi hii ya kompyuta nayo ni ilimu, yenye haki ile ile, mtaona haya yao inakokwenda.

Hapa nauingilia mjadala, kwa kuwa neno la Mzee nalihesabu kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia. Wataalamu wanaokuja kutupima utayari wetu huhesabu wahitimu, kompyuta, kasi ya intaneti na vyeti, na vyote hivyo vyafaa kuhesabiwa. Lakini fundi wa programu huria hutambulikana kwa tabia ya kuitoa kazi yake hadharani ikiwa bado na dosari, akaipokea rai ya mgeni bila hasira, akamwandikia kwa adabu na kwa ufafanuzi, kisha naye akaisoma kazi ya mwingine kwa insafu ile ile. Tabia hiyo hainunuliwi pamoja na mkongo. Na mimi nashuhudia kwamba wapo vijana wa Kenya walio nayo, tena wamekuwa nayo tangu zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Maana wenzangu wamesema kana kwamba Kenya ndiyo kwanza yabisha hodi katika nyumba ya wengine. Ukweli ni kwamba mojawapo ya programu huria zinazoheshimiwa mno katika tiba ilianzia kwetu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kompyuta wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Na mwaka huo huo ushirika huo ukaanzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye VVU. Wagonjwa walipoongezeka mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana walifika Eldoret, wakaona kwamba kuutia viraka hakutafaa, na kwamba kila hospitali maskini duniani ilikuwa na shida ile ile. Ndipo OpenMRS ikazaliwa, ikiwa huria tangu mwanzo, na Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Kutoka hapo imekwenda Rwanda, Uganda, Msumbiji, Naijeria hata Haiti. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika kliniki zetu za VVU. Ushahidi nayo, programu ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha juu ya ramani, iliandikwa Januari 2008 katika siku zile za machafuko baada ya uchaguzi, na miaka 2 baadaye ikawasaidia waokoaji wa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Na mwaka 2011 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuziweka takwimu zote za afya za taifa katika mfumo mmoja wa mtandaoni, DHIS2, ambao ni programu huria inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Makarani na maafisa wa wilaya walijifunza kuutumia, na mafundi wetu wakajifunza kuutunza.

MFANYABIASHARA: Historia hiyo naijua, nami naiheshimu, lakini hailipi mishahara ya mwisho wa mwezi. Iliyolipa ni misaada. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mifumo ya kumbukumbu iliyogharimiwa kwa fedha ile iliingia mashakani ndani ya siku chache tu, na mafundi wake wakawa hawajui la kufanya. Soko lenyewe la dunia lataka saa za bei rahisi. Mwaka 2023 ulimwengu mzima ulisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili mashine za akili bandia zifundishwe kuyatambua. Hiyo ndiyo nafasi ambayo soko limetupangia, na sasa hata mashine hizo zinaandika msimbo.

FUNDI: Kwa hivyo wataka tushindane na mashine kwa bei, bwana? Tutashindwa, na heri tushindwe. Mashine ikiombwa mistari ya kukagua tarehe itaiandika upesi kunishinda. Lakini haikuwapo zahanatini, haikumwona mama yule, wala haijui kwamba madaftari ya zamani huingizwa baada ya mwezi. Saa za vidole vyetu na zishuke thamani kama zishukavyo. Tunachoweza kukiuza kwa haki ni kuijua kazi yenyewe: jinsi kliniki isiyo na umeme wa uhakika inavyohifadhi kumbukumbu, jinsi muuguzi mmoja anavyohudumia foleni, jinsi taarifa zinavyosafiri kutoka kijijini hadi wizarani. Mtu wa Hamburg hana elimu hiyo, na Msumbiji na Haiti waihitaji.

MFANYABIASHARA: Naliafiki hilo, dada. Lakini mteja wa Msumbiji ataniuliza: nchini kwenu nani amekupeni kazi hii? Kampuni isiyo na mteja nyumbani haiaminiki ugenini. Nionyesheni mkataba wa nyumbani.

MZEE: Nami ndilo nililotaka kulisema. Marehemu kaka yangu alisoma MIOME hapa Mombasa, chuo kilichoanza kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Alipotoka, karakana ya bandari ilimngoja. Hakwenda kuomba kazi Uingereza ili aonekane fundi. Alikuwa fundi kwa sababu palikuwa na mitambo yetu iliyohitaji mkono wake kila siku. Sasa nikuulizeni, mfumo huu mpya wa bima ya afya, wa Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza Oktoba 2024, ni nani anayeutengeneza ukiharibika?

MWALIMU: Hilo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amekwisha lijibu, Mzee. Katika ripoti iliyotoka mwaka 2025 alisema kwamba mfumo ule, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali, na kwamba haki zake zi mikononi mwa makampuni yaliyouleta.

Hakuna aliyelijibu neno hilo, nami sioni jibu lake. Nchi ambayo madaktari na mafundi wake walikuwapo OpenMRS ilipozaliwa Eldoret, na ambayo iliitangulia Afrika kusini mwa Sahara katika kuiweka DHIS2 mtandaoni, ilipofika siku ya kununua mfumo mkubwa kupita yote katika historia ya afya yake, iliridhia kuukodi msimbo ambao raia wake hawauoni, vyuo vyake haviwezi kuufundisha, na mafundi wake hawana ruhusa ya kuugusa. Kwa kitendo hicho kimoja ilijinyima karakana ambayo Mzee ameisifu. Fedha hizo, hata sehemu yake ndogo, zingetosha kuwalea mafundi kwa mikataba, si kwa semina wala kwa tuzo za mashindano ya siku mbili, nao wangekuwa na jambo la kumwonyesha mteja wa nje anapouliza.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa kazi ya jumla ya kandarasi za programu, zile za msimbo wa mteja wa Hamburg, bado hatujatosha, na Mfanyabiashara amesema kweli. Tutatosha vyuo vitakapowafundisha wanafunzi kuisoma kazi kubwa ya wengine na kulihesabu rekebisho lililopokelewa na mradi huria kuwa sehemu ya shahada, jambo ambalo halihitaji majengo mapya wala msaada wa mtu. Kwa mifumo ya afya, takwimu na ramani tumekuwa tayari kwa muda mrefu, na katika hiyo twafaa kwenda nje tukiwa mastadi wenye hadhi. Asiyekuwa tayari ni mnunuzi wa nyumbani, ambaye angali aona fahari kununua kilichofungwa, akakiita cha kisasa, kisha akawalaumu vijana kwamba hawana tajiriba.

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi zimo mikononi mwa kaunti 47, na kaunti nyingi ama zimekwisha nunua mfumo wa kumbukumbu au zi katika kuutafuta. Sheria ya nchi yawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika bajeti, na mikutano ya bajeti hufanywa kila mwaka, mara nyingi viti vikiwa vitupu. Msomaji, nenda. Mwulize mwakilishi wa wadi yako maswali mawili, na umtake ayajibu kwa maandishi: msimbo wa mfumo wa hospitali yetu ni mali ya nani, na fundi wa kuutengeneza yuko wapi na analipwa na nani?